Mtunzi na Mwingizaji: Jinsi Historia ya Programu za Kompyuta Inavyotunza Majina ya Waliofanya Kazi

Kwa miaka mingi, kila mwezi ulipokwisha, zahanati na vituo vya afya vya vijijini nchini Tanzania vimekuwa vikijumlisha hesabu zao katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Watoto waliopimwa uzito, akina mama waliojifungua, wagonjwa waliotibiwa malaria: kila jambo lina safu yake. Kutoka kata kama Ulemo, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, karatasi za majumlisho huelekea Kiomboi, makao makuu ya wilaya, ambako karani wa takwimu huziingiza katika kompyuta. Siku hizi vipo vituo vinavyoingiza hesabu zao vyenyewe, lakini safari ya karatasi haijakoma kila mahali.

Mfumo wa kompyuta unaopokea hesabu hizo huitwa DHIS2, nao ulikuwa umeenea nchini kufikia mwaka 2013. Ndani yake, kando ya kila tarakimu, huhifadhiwa jina la mtumiaji aliyeiingiza. Sehemu hiyo ya kumbukumbu imepewa jina la Kiingereza, storedBy, maana yake "imehifadhiwa na". Kwa tarakimu iliyosafiri kwa karatasi, jina hilo ni la karani wa wilayani. Muuguzi aliyemweka mtoto katika mizani na kusoma kilo hayumo. Karani hakudanganya, wala mfumo haukukosea. Uliulizwa ni nani aliyeingiza, ukajibu. Swali la nani aliyepima halikuulizwa.

Tofauti hiyo, kati ya aliyefanya kazi na aliyeiandika daftarini, ndiyo inayojadiliwa katika makala haya. Nayo haimo katika takwimu za afya tu. Imo pia katika programu yenyewe ya DHIS2, na katika kila programu inayotungwa na watu wengi kwa pamoja, kwa sababu programu nazo zina madaftari yao.

Daftari la mabadiliko

Programu ya kompyuta, kabla haijawa kitu cha kubofya na kutazama, ni maandishi. Programu kubwa huwa na maelfu ya mafaili, na watu kumi, au mia, huyabadili kila wiki. Mmoja hurekebisha kosa, mwingine huongeza safu, wa tatu huharibu bila kukusudia kile alichokitengeneza wa kwanza. Pasipo kumbukumbu, hakuna awezaye kujua kosa lilizaliwa lini wala kurudi nyuma hadi siku ambayo mambo yalikuwa sawa.

Kwa ajili hiyo walibuniwa makarani wa kielektroni. Wa kwanza kujulikana sana aliitwa SCCS, naye alitungwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1972. Walifuata RCS ya Walter Tichy, CVS, na Subversion ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2000. Kazi yao ni moja. Kila badiliko linapokamilika huandikwa kama ingizo jipya katika daftari, nalo hubeba mambo manne: kilichobadilika, wakati, maelezo mafupi ya sababu, na jina.

Mambo matatu ya kwanza hayana utata mkubwa. La nne ndilo lenye matatizo.

Jina moja kwa watu wawili

Katika Subversion, na katika wale waliotangulia, nafasi ya jina ilikuwa moja tu, na iliyojaza nafasi hiyo ilikuwa akaunti ya mtu mwenye ruhusa ya kuandika daftarini. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa uangalifu, kwa kuwa aliyekuwa nayo angeweza kuharibu kazi ya wote. Waliobaki, ambao ndio wengi, walituma mapendekezo yao kwa njia ya "viraka", yaani mafaili madogo yaonyeshayo mistari ya kuondolewa na mistari ya kuongezwa. Mwenye ruhusa alikikagua kiraka, akikiona ni chema alikiingiza, na papo hapo mashine ikaandika jina lake yeye.

Afrika Mashariki inayo historia katika jambo hili. Mradi wa OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 baada ya wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis kuona mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, ambako wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakiongezeka kuliko uwezo wa mifumo iliyokuwapo. Programu hiyo ilianza kutumika Eldoret mapema mwaka 2006, na katika mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu, Rwanda. Maandishi yake yalitunzwa kwanza kwa Subversion, ndipo baadaye yakahamishiwa katika mfumo wa Git ambao utaelezwa hapa chini.

Uhamisho wa namna hiyo hufanywa kwa kutumia orodha inayolinganisha kila akaunti ya zamani na jina kamili na anwani ya mwenyewe. Orodha yaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikaacha pengo, maana haiwezi kumtaja mtu ambaye hakuwahi kuwa na akaunti. Aliyetuma kiraka mwaka 2007 kutoka Kampala au Eldoret, akiwa hana ruhusa ya kuingiza, atapatikana katika historia ikiwa tu mwingizaji alijitaabisha kutaja jina lake katika maelezo. Wako waingizaji waliofanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini heshima iliyotegemea kumbukumbu na wema wa mtu mmoja jioni ya siku yenye kazi nyingi haikuwa na msingi imara.

Nafasi mbili

Mwezi wa Aprili 2005, Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha Linux, alitunga Git. Mazingira ya kazi yake yanaeleza umbo la chombo hicho. Viraka vya Linux vilifika kwa barua pepe kutoka pande zote za dunia, vikapita mikononi mwa wasimamizi kadhaa kabla ya kuingia daftarini. Ilikuwa ni kawaida, wala si nadra, kwamba aliyetunga na aliyeingiza ni watu mbalimbali. Kwa hiyo Git ilitengewa nafasi mbili katika kila ingizo: ya mtunzi na ya mwingizaji, kila mmoja kwa jina lake, anwani yake ya barua pepe na saa yake.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Muuguzi wa Ulemo anaona kwamba programu ya kliniki inakubali bila kinyongo mtoto mchanga mwenye kilo 32, mahali ambapo mwandikaji alisahau nukta na kukusudia 3.2. Anamweleza mwanafunzi wa sekondari aliye jirani, anayejifunza kutunga programu. Mwanafunzi anaandika mistari minne inayouliza swali pale uzito wa mtoto mchanga unapozidi kilo 7, kisha anaituma kwa watunzaji wa programu, ambao mmoja wao yuko Oslo. Siku tatu baadaye kiraka kinakubaliwa. Ingizo lililoandikwa ipasavyo litasomeka hivi:

Mtunzi: Mwanafunzi wa Ulemo, 14 Machi, saa 10.20 jioni, +0300
Mwingizaji: Mtunzaji wa Oslo, 17 Machi, saa 3.05 asubuhi, +0100
Maelezo: Uliza tena uzito wa mtoto mchanga unapozidi kilo 7.

Msomaji atazame zile tarakimu za mwisho. Git huhifadhi wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na kando yake huandika tofauti ya saa za mahali pale na saa za ulimwengu. Tanzania iko saa tatu mbele, ndiyo maana ya +0300. Moscow nayo hutumia tofauti hiyohiyo, kwa hiyo alama hiyo haitoshi kuthibitisha mahali. Lakini mtu anayepitia historia ya programu yenye asili ya Ulaya na kuikuta +0300 kila baada ya kurasa chache, huona kwa macho kazi ya watu walioketi chini ya jua la upande huu. Mtunzaji wa Oslo akiinakili mistari ile minne kwa mkono wake badala ya kuiingiza kama ilivyotumwa, jina la mtunzi hupotea, na ile +0300 hupotea pamoja nalo. Mistari haibadiliki hata herufi moja.

DHIS2 yenyewe ilitunzwa kwanza kwa mfumo uitwao Bazaar, ambao nao ulimwezesha mwingizaji kumtaja mtunzi aliye tofauti naye, ilimradi akumbuke kufanya hivyo. Baadaye ikahamia Git. Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoongoza kazi hiyo, lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa muda mrefu, na wametunga programu za ziada zinazofanya kazi ndani ya mfumo huo.

Kwa nini jina halifutiki

Liko jambo la kihesabu linaloifanya Git kuwa tofauti na madaftari ya kale, nalo lastahili kuelezwa kwa kituo.

Kila ingizo la Git hupewa alama ya utambulisho. Alama hiyo haichaguliwi na mtu. Hukokotolewa kutokana na maudhui yote ya ingizo, yaani hali ya mafaili, majina mawili, saa mbili, maelezo, pamoja na alama ya ingizo lililotangulia. Katika umbo la kawaida ina tarakimu na herufi 40, kila moja ikiwa ni mojawapo ya alama 16. Idadi ya alama ziwezekanazo ni 16 kipeo cha 40, ambayo ni sawa na 2 kipeo cha 160, yaani takriban 1.46 mara 10 kipeo cha 48. Mwanafunzi wa hisabati aweza kuuhakiki usawa huo mwenyewe kwa kanuni za vipeo.

Ukibadili herufi moja ya jina la mtunzi, alama ya ingizo hilo hubadilika kabisa. Kwa kuwa ingizo linalofuata limebeba alama ya lililotangulia, nalo hubadilika; na la tatu, na la nne, hadi la leo. Ni mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi, ambapo kila shanga imechorwa sura ya ile iliyo nyuma yake. Hakuna awezaye kuchomoa jina la mtu wa mwaka 2009 kwa siri, kwa maana kila mwenye nakala ya daftari ataona kwamba alama hazilingani.

Katika Subversion hali ilikuwa kinyume. Jina lilikaa nje ya maudhui, na msimamizi aliyeruhusu jambo hilo angeweza kulibadili bila historia kusema kwamba limebadilishwa. Kosa lilisahihishwa kwa urahisi, na dhuluma ilifanyika kwa urahisi uleule. Git imeizuia dhuluma, lakini kwa hiyo imeufanya usahihishaji kuwa mgumu. Mtunzi aliyesahauliwa siku ya kuingiza hawezi kuongezwa mwaka mmoja baadaye bila kuvunja uzi mzima. Ndiyo sababu miradi yenye busara huangalia majina kabla ya kuingiza, si baada.

Kwa makosa ya namna ya kuandika jina ipo dawa nyepesi. Huwekwa ndani ya programu faili liitwalo .mailmap, lenye mistari inayosema kwamba jina hili na lile ni la mtu mmoja. Mwanafunzi aliyeanza kwa anwani ya shule, akaendelea kwa ya chuo, na sasa anatumia ya mwajiri, huhesabiwa na mashine kama watu watatu hadi faili hilo litakapowaunganisha. Linawafaa pia akina mama waliobadili majina baada ya ndoa. Historia haiguswi, kinachorekebishwa ni jinsi inavyosomwa.

Wasioandika programu

Katika mfano wa Ulemo, mwanafunzi ametajwa na mtunzaji ametajwa. Muuguzi yuko wapi? Yeye ndiye aliyeliona kosa, na pasipo macho yake mistari minne isingekuwapo.

Git haikumwekea nafasi. Desturi ndiyo iliyomwekea. Tangu mwaka 2004 watu wa Linux walianza kuandika chini ya maelezo ya kila kiraka mistari yenye majina. Wa kwanza ulikuwa "Signed-off-by", ambao kwao mtu hukiri kwamba anayo haki ya kuitoa kazi ile. Ikafuata mingine: "Tested-by" kwa aliyejaribu, "Suggested-by" kwa aliyetoa wazo, na "Reported-by" kwa aliyetoa taarifa ya kosa. Huo wa mwisho ndio wa muuguzi. Kwa kazi iliyotungwa na wawili upo mstari wa "Co-authored-by", ambao tangu mwaka 2018 husomwa na mtandao wa GitHub na kuwaonyesha watunzi wote kwa pamoja. Mistari hii ni maneno ya kawaida ndani ya maelezo, na hivyo huingia katika hesabu ya alama ya utambulisho kama maneno mengine. Nayo ikishaandikwa haifutiki.

Wafasiri wamepata taabu kuliko wote. Maandishi ya menyu na ujumbe wa programu nyingi huhifadhiwa katika mafaili ambayo kichwani mwake mna mstari uitwao "Last-Translator", yaani mfasiri wa mwisho. Nafasi ni ya mtu mmoja. Mtu akifasiri maneno 3,000 na mwingine akaja kusahihisha neno moja, chombo cha kufasiria kwa kawaida hufuta jina la kwanza na kuweka la pili. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo istilahi zake za kompyuta zilitungwa kwa majadiliano marefu, hasara si ndogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na nyuma ya kila neno la menyu ya programu za aina hiyo huwapo watu waliobishana kama "faili" lishinde "jalada". Kichwa cha faili hakiwezi kuwabeba wote. Daftari la mabadiliko laweza, iwapo kila mfasiri anaingizwa kwa jina lake mwenyewe na si kwa jina la roboti inayokusanya tafsiri usiku na kuziingiza kwa mkupuo. Mifumo kadhaa ya kufasiria sasa huwaandika wafasiri kama watunzi wa ingizo, au huwaorodhesha kwa mistari ya "Co-authored-by".

Jina lina kazi gani

Huenda msomaji akauliza kama yote haya si kutafuta sifa tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi. Haki hiyo ni tofauti na umiliki: kazi yaweza kuwa mali ya mwajiri na bado mtunzi akastahili kutajwa. Jina katika daftari si hati ya umiliki.

Upo pia ulazima wa kivitendo. Mwaka 2012 ramani ya dunia ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea, ilibadili leseni yake. Kila aliyewahi kuchora aliombwa ridhaa, na mwezi wa Julai mwaka huo michoro ya wale ambao hawakuridhia iliondolewa. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila barabara na kila kisima kilikuwa na historia ionyeshayo nani alikichora na nani alikirekebisha. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walipoanza mwaka 2015 kuchora mitaa ya jiji lao katika mradi wa Ramani Huria, michoro yao iliingia katika ramani hiyohiyo, na kila mchoro uliwekwa chini ya akaunti iliyouingiza.

Kwa kijana, jambo lenyewe ni la karibu zaidi. Mhitimu wa Singida anayeomba kazi Nairobi au ufadhili wa masomo Ulaya aweza kuonyesha ingizo lenye jina lake, na kila mtu ulimwenguni akalikagua bila barua ya utambulisho. Kama kazi yake iliingizwa kwa jina la mwingine, hana cha kuonyesha.

Hata hivyo hesabu ya maingizo ni kipimo kibaya cha mtu. Aliyepanga upya nafasi na mistari ya faili zima bila kubadili maana huonekana kuwa ndiye mwandishi wa kila mstari. Kasoro hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Git iliongezewa mwaka 2019 uwezo wa kuyaruka maingizo ya namna hiyo inapoulizwa nani aliandika nini.

Tahadhari shuleni

Git haimjui mtu. Huandika jina lolote iliyoambiwa, hata la marehemu. Anayetaka uthibitisho hutumia saini ya kielektroni, ambayo ni somo jingine. Anwani ya barua pepe nayo hubaki daftarini daima mbele ya macho ya wote, kwa hiyo mwanafunzi asiweke ile ambayo hataki ijulikane. Mitandao mikubwa hutoa anwani za badala kwa ajili hiyo.

Kosa linalotokea zaidi, lakini, ni la kompyuta ya pamoja. Katika shule yenye kompyuta chache, mwanafunzi wa kwanza kuitumia Git huulizwa jina na anwani, huziandika, na mashine huzikumbuka. Kuanzia hapo kila anayeketi kwenye kiti hicho huandika kwa jina lake, mwaka mzima, bila kujua. Mwalimu aweza kulizuia jambo hilo kwa kufuta jina la jumla katika mashine na kumtaka kila mwanafunzi aweke jina ndani ya kazi yake mwenyewe. Aweza pia kuwafundisha kuongeza neno --author likifuatwa na jina na anwani kila wanapoingiza kazi. Neno hilo hubadili nafasi ya mtunzi peke yake. Ya mwingizaji hubaki na jina lililokumbukwa na mashine, hata kama mwenye jina hilo alikwisha maliza kidato cha nne na kuondoka. Kabla ya kutuma chochote nje ya shule, amri ya git log --format=fuller huonyesha nafasi zote mbili kwa kila ingizo, na wakati huo, kwa kuwa bado hakuna aliye na nakala, ingizo la mwisho laweza kuandikwa upya.